Mishale kwenye karatasi ya maabara: damu inasema nini kuhusu kiharusi kwa mgonjwa wa moyo?

Mama mkubwa alifungua pindo la kanga akanitolea karatasi ya maabara iliyokunjwa mpaka ikawa ndogo kama kiberiti. Alikuwa ametoka nayo kliniki ya moyo asubuhi hiyo. "Mwanangu, hebu nisomee wewe. Mimi naona mishale tu."

Kweli ilikuwa mishale. NT-proBNP 3,860, mshale juu. Troponini, mshale juu. D-dima 780, mshale juu. Kreatinini 118, mshale juu. Kabla hajafika kwangu alikuwa ameshaipiga picha na kuituma kwenye kundi la ukoo, na shemeji mmoja akamjibu kwamba hizo ndizo namba za kiharusi. Kwa hiyo hakuniuliza zina maana gani. Aliniuliza, "Nitapooza?"

Mimi ni muuguzi, na swali hilo nimeulizwa wodini mara nyingi, mara nyingine na mgonjwa mwenyewe, mara nyingi zaidi na binti yake akiwa kasimama mlangoni. Naliandika hapa kwa kirefu kwa sababu jibu la mlangoni halitoshi.

Ugonjwa wenyewe tunauita moyo kushindwa kufanya kazi. Mitaani watu husema moyo mkubwa, au moyo umetanuka. Jina la kwanza linatisha kwa sababu mtu akilisikia anadhani moyo umesimama. Haujasimama. Unasukuma, ila hausukumi kiasi ambacho mwili unakihitaji, na damu inayorudi inakuta foleni. Ndiyo maana jioni miguu inavimba mpaka kiatu hakiingii, na usiku mtu anatafuta mto wa tatu ili apate pumzi.

Foleni hiyo hiyo ndiyo inayoleta habari ya kiharusi. Mwaka 1856, Rudolf Virchow, daktari wa Berlin, aliandika kuhusu madonge ya damu, na kutokana na maandishi yake madaktari hufundishwa mpaka leo mambo matatu yanayofanya damu igande mahali pasipostahili: damu kutuama, ukuta wa mshipa au wa moyo kuharibika, na damu yenyewe kuwa na wepesi wa kuganda. Maji ya mto unaokwenda kasi hayaoti utando. Ya dimbwi huota. Moyo uliochoka unayakusanya yote matatu chini ya paa moja. Damu inazunguka polepole ndani ya vyumba vilivyotanuka, ukuta wa ndani umechakaa kwa presha ya miaka mingi, na mwili ulio kwenye dhiki humwaga kemikali zinazoifanya damu igande upesi. Donge likichomoka humo hupanda na mishipa ya shingo hadi kwenye ubongo, na sehemu ya ubongo inayokosa damu huanza kufa.

Watafiti wa Framingham, mji wa Marekani ambao wakazi wake wamefuatiliwa tangu 1948, walichapisha mwaka 1991 hesabu inayotajwa hadi sasa. Presha iliongeza hatari ya kiharusi zaidi ya mara 3, moyo kushindwa zaidi ya mara 4, na mtikisiko wa vyumba vya juu vya moyo, ule ambao madaktari wanauita AF, karibu mara 5. Uholanzi nako, utafiti wa Rotterdam ulionyesha kwamba kwa mtu aliyegundulika na moyo kushindwa, hatari huwa kubwa mno mwezi wa kwanza, zaidi ya mara 5 ya watu wengine, kisha hushuka kadiri miezi inavyopita. Mwezi huo wa kwanza ndio ambao wagonjwa wengi huku kwetu wanakuwa bado wanazunguka kutafuta kipimo, kutafuta fedha, kutafuta mtu wa kuwasindikiza. Na si kila kiharusi cha mgonjwa wa moyo kinatokana na donge la moyoni. Presha peke yake inaweza kuziba mshipa wa ubongo au kuupasua.

Sasa turudi kwenye mishale.

NT-proBNP ina historia nzuri, na ukiijua hutaisahau kazi yake. Mwaka 1981, huko Canada, Adolfo de Bold na wenzake waliwachoma panya sindano yenye maji yaliyokamuliwa kutoka vyumba vya juu vya mioyo ya panya wengine. Baada ya dakika chache tu panya wale walianza kukojoa maji mengi na chumvi nyingi. Ikawa wazi kwamba moyo una homoni yake, dawa yake yenyewe ya kupunguza maji mwilini. Mwaka 1988 wanasayansi wa Japani wakapata ndugu ya homoni hiyo kwenye ubongo wa nguruwe, wakaipa jina la ubongo, na herufi B imebaki nayo hadi leo ingawa baadaye ilijulikana kwamba kiwanda chake kikuu ni vyumba vya chini vya moyo. Msuli wa moyo ukivutwa na damu iliyozidi, seli zake hutengeneza protini moja na kuikata vipande viwili: BNP, inayofanya kazi, na NT-proBNP, mabaki ya kukatia. Hayo mabaki hukaa kwenye damu muda mrefu kuliko BNP, kwa hiyo ni rahisi kuyapima.

Maana yake ni kwamba namba hii ni kilio cha msuli uliovutwa. Kwa mtu anayekuja kliniki akitembea, NT-proBNP iliyo chini ya pikogramu 125 kwa mililita hufanya ugonjwa wa moyo kushindwa uwe wa mashaka sana. Kwa aliyeletwa akihema, chini ya 300 humwelekeza daktari atafute sababu nyingine ya kuhema. Lakini namba yenyewe haina adabu ya kukaa kwenye swali moja. Umri unaipandisha. Figo dhaifu zinaipandisha. AF inaipandisha hata kama moyo haujajaa. Unene wa mwili unaishusha, kiasi kwamba mtu mnene anaweza kuwa anazama huku karatasi yake inaonekana ya upole. Na anayetumia dawa ya moyo yenye sakubitrili apimwe NT-proBNP, wala si BNP, kwa sababu dawa hiyo inazuia kimeng'enya kinachovunja BNP na kuifanya ionekane imepanda.

Inahusiana vipi na kiharusi? Chumba cha juu cha kushoto kinachovutwa kila siku hutanuka, msuli wake hupata makovu, umeme wake huvurugika, na damu hutuama kwenye kijifuko kilichojitokeza pembeni yake, mfano wa kidole cha glavu. Kwa wagonjwa wa AF wasio na vali iliyobana, sehemu kubwa ya madonge huota humo. Kwa hiyo NT-proBNP ya juu hailioni donge. Inauona mvuto uliotengeneza mahali pa donge kuota. Ndiyo maana mgonjwa mwenye namba ya juu ambaye hajawahi kukutwa na AF hufaa atafutwe AF kwa makini, hata kwa kuvaa kifaa cha kurekodi mapigo saa 24 au zaidi, kwa sababu mtikisiko huo huja na kuondoka.

Troponini ni protini ya ndani ya msuli wa moyo. Wengi wanaijua kwa shambulio la moyo, ambapo hupanda ghafla na kushuka. Kwa moyo uliochoka hukaa juu kidogo, siku zote, kama ndoo inayovuja tone moja moja. Seli zinakufa taratibu. Kreatinini ni habari ya figo: zikilemewa, kiharusi na kutokwa damu vyote huwa karibu zaidi, na dozi za baadhi ya dawa za kuzuia damu kuganda hupangwa kwa kuitazama.

D-dima ndiyo iliyomtisha shemeji, na kwa haki, maana ndiyo pekee kati ya zile nne inayozungumzia kuganda kwa damu moja kwa moja. Damu inapoganda mwili hufuma wavu wa nyuzi za protini iitwayo fibrini na kuzifunga nyuzi zile fundo kwa fundo. Kazi ikiisha, kuna kimeng'enya kinachoukata wavu. Mafundo hayakatiki, hubaki mawili mawili yameshikana, na hayo ndiyo D-dima. Ukiviona vipande vya wavu pwani unajua kuna mtu alitandika wavu. Hujui alitandika wapi, wala alivua nini. D-dima hupanda kwa nimonia, kwa saratani, kwa ujauzito, baada ya upasuaji, baada ya kuanguka na kuvimba goti. Hupanda kwa umri pia, ndiyo maana kwa wenye zaidi ya miaka 50 wanaotafutiwa donge la mguu au la pafu, madaktari wengi huzidisha umri mara 10 kupata kikomo: mtu wa miaka 61 kikomo chake ni 610 badala ya 500. Mama mkubwa ana miaka 61. Na wiki iliyotangulia alikuwa na kikohozi chenye homa. 780 yake ilikuwa na sababu zaidi ya moja.

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na wengine wao wamevaa koti jeupe. Kiashiria kikihusiana na hatari, wanadhani tayari kinatuambia la kufanya. Hayo ni mambo mawili, na kati yake kuna mto mpana.

Chukua wagonjwa wa AF kwanza. Kwao kuna hesabu ya alama inayotumika tangu 2010, CHA2DS2-VASc, ambapo moyo kushindwa una alama 1, presha 1, kisukari 1, kiharusi cha zamani 2, na kadhalika. Haihitaji damu hata tone. Mwaka 2016 watafiti wakatengeneza hesabu nyingine, ABC, yenye umri, troponini, NT-proBNP na historia ya kiharusi, wakitumia wagonjwa 14,701 wa utafiti mkubwa wa ARISTOTLE. Uwezo wa hesabu za namna hii hupimwa kwa kipimo ambacho 0.5 ni sawa na kurusha shilingi na 1 ni kutokosea kamwe. CHA2DS2-VASc ilipata 0.62. ABC ikapata 0.68. Ni hatua ya kweli, nami naiheshimu, lakini mtu asidhani damu imegeuka kuwa mtabiri. Na kwa mgonjwa mwenye AF na moyo kushindwa pamoja na presha, alama za kawaida zimeshamwambia daktari aanze dawa ya kuzuia damu kuganda. Troponini haitaligeuza neno hilo.

Ugumu upo kwa mgonjwa mwenye moyo kushindwa ambaye mapigo yake yana mpangilio wa kawaida, hana AF. Hatari ya kiharusi anayo. Je, naye apewe dawa? Utafiti wa WARCEF, uliochapishwa 2012 ukiwa na wagonjwa 2,305, ulilinganisha warfarini, dawa ya zamani ya kuzuia damu kuganda, na aspirini. Warfarini ilipunguza viharusi vya kuziba kwa mshipa, kutoka 1.36 hadi 0.72 kwa kila wagonjwa 100 kwa mwaka. Ikaongeza kutokwa damu kukubwa, kutoka 0.87 hadi 1.78. Ukijumlisha vifo na viharusi vyote, hakuna iliyoshinda. Mwaka 2018 ukafuata COMMANDER HF, wagonjwa 5,022, rivaroksabani, kidonge kipya cha kuzuia damu kuganda, kwa dozi ndogo, dhidi ya kidonge kisicho na dawa. Viharusi vikapungua kutoka asilimia 3 hadi 2, lakini idadi ya waliokufa, kupata shambulio la moyo au kiharusi kwa jumla haikubadilika kwa maana, kwa sababu wengi wa wagonjwa hawa hufa kwa moyo wenyewe kuchoka, si kwa donge.

Baadaye watafiti walirudi kwenye damu iliyohifadhiwa ya COMMANDER HF wakaangalia D-dima. Waliokuwa theluthi ya juu ndio waliopata viharusi zaidi, na ndio ambao rivaroksabani iliwakinga waziwazi. Hapo D-dima inaanza kunong'ona jambo la maana: huenda siku moja ikawachagua wale wachache ambao dawa inawafaa. Ila uchambuzi wa aina hiyo, unaofanywa baada ya matokeo kujulikana, hutoa swali zuri la utafiti unaofuata na si amri ya kliniki ya kesho. Tuna mfano mchungu wa karibu. Utafiti wa ARCADIA uliwachukua watu 1,015 waliopata kiharusi kisichojulikana chanzo, wasio na AF, ambao chumba cha juu cha moyo kilionyesha dalili za ugonjwa, mojawapo ikiwa NT-proBNP ya zaidi ya 250. Mantiki ilikuwa safi: kiashiria kinaonyesha moyo unaotengeneza madonge, basi wape apiksabani, ndugu ya rivaroksabani, badala ya aspirini. Ulisimamishwa kabla ya wakati kwa kuwa hapakuwa na dalili ya faida, na matokeo yaliyochapishwa 2024 yalionyesha viharusi vipya asilimia 4.4 kwa mwaka kwa kundi hili na asilimia 4.4 kwa lile. Kiashiria hakikudanganya kuhusu hatari. Ila matibabu tuliyoyajenga juu yake hayakusaidia.

Kuna jambo jingine linalonigusa zaidi, nalo ni swali la damu ya nani iliyopimwa. COMMANDER HF ilichukua wagonjwa ambao mishipa ya moyo imeziba kwa mafuta. Katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, utafiti wa TaHeF uliochapishwa 2014 ulihesabu wagonjwa 427 wa moyo kushindwa: wastani wa umri miaka 55, karibu nusu chanzo chao presha, wengine ugonjwa wa msuli wa moyo, wengine vali zilizoharibiwa na homa ya rumatiki ya utotoni. Walioziba mishipa ya moyo hawakufika 1 kati ya 10. Utafiti wa THESUS-HF wa nchi tisa za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ulikuta wastani wa miaka 52. Hawa ni watu walio kazini, wenye watoto wa shule. Na ARISTOTLE, ule uliozaa hesabu ya ABC, haukuwachukua kabisa wagonjwa ambao vali ya mitrali, mlango kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, imebana kwa kiwango cha kati au kikubwa. Kwa hiyo mtu akimkokotolea mgonjwa wa namna hiyo alama za ABC kutoka kwenye karatasi yake ya maabara, anampima kwa kipimo ambacho hakikukatwa kwa ajili yake.

Nikamwomba mama mkubwa faili lote.

Alishangaa kidogo, kwa sababu alidhani amenipa lililo muhimu. Ndani kulikuwa na karatasi ndefu ya rangi ya waridi yenye miraba midogo, ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, ambayo hakuituma kwenye kundi kwa kuwa haikuwa na mshale hata mmoja. Nilishika mkono wake kwanza. Nikaweka vidole vitatu kwenye kifundo, nikahesabu dakika nzima bila kufupisha: mapigo mawili ya haraka, kimya, moja zito, matatu madogo, kimya kirefu. Hakuna wimbo humo. Nikaweka kifaa cha kusikilizia kifuani, na moyo ulikuwa ukipiga mara nyingi kuliko yale yaliyofika mkononi. Kisha nikafunua ile karatasi ya waridi: nafasi kati ya mapigo hazilingani, na yale mawimbi madogo yanayopaswa kutangulia kila pigo hayapo. AF. Nyuma yake, majibu ya eko, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti: vali ya mitrali imebana kwa kiwango kikubwa, chumba cha juu cha kushoto kimetanuka.

Karatasi hizo mbili zilikuwa zimeshamaliza shauri la kiharusi kabla ya maabara kufungua mlango. Mwenye AF na vali ya mitrali iliyobana hivyo hahesabiwi alama, anapewa warfarini. Na kwa nini warfarini, si vidonge vipya visivyohitaji kupimwapimwa? Kwa sababu ya utafiti wa INVICTUS wa 2022, uliofanywa hasa kwa watu wa aina yake, wagonjwa 4,531 wa AF na ugonjwa wa moyo wa rumatiki kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini. Waliopewa dawa za kundi la warfarini walikufa wachache kuliko waliopewa rivaroksabani. Nafurahi kila nikiutaja utafiti huo, kwa kuwa watu wetu walikuwamo.

Daktari alikuwa amemwandikia. Vidonge vilikuwa kwenye bahasha yao ndogo, chini kabisa ya mkoba, havijaguswa. "Nilitaka kwanza nijue kama nitapooza," akaniambia. "Kama nitapooza, vya nini?"

"Mama," nikamwambia, "hivi ndivyo vinavyopunguza hatari hiyo. Kwa kiasi kikubwa mno. Ile mishale inasema moyo umelemewa, nawe hilo ulilijua tangu miguu ilipovimba. Haisemi siku."

Nikamweleza kwamba kuanzia sasa kuna namba moja ya damu ambayo kweli itatawala kiharusi chake, nayo haikuwa hata kwenye karatasi: INR, kipimo cha muda damu inaochukua kuganda. Kwake inatakiwa ikae kati ya 2 na 3. Chini ya 2, madonge yanapata nafasi; ikipita 3 na kuendelea kupanda, damu inaweza kutoka tumboni au kwenye ubongo. Hupimwa mara kwa mara mwanzoni, mpaka dozi itulie. Akipewa septrini au flajili kwa ugonjwa mwingine aseme anatumia warfarini, maana zinaipandisha INR; dawa ya kifua kikuu yenye rifampisini huishusha. Diklofenaki ya duka la mtaani kwa ajili ya magoti asiiguse bila kuuliza. Na wote wa nyumbani wajue: uso ukivutwa upande, mkono ukilegea, ulimi ukiwa mzito, watazame saa na kuondoka naye wakati huo huo, kwa sababu dawa ya kuyeyusha donge, pale ilipo na pale inapofaa, ina saa nne na nusu tu.

Alinisikiliza huku akikunja tena karatasi ya maabara. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyemjibu kule kwenye kundi: "Na mchicha? Nimeambiwa nisile tena majani."

Ale. Mchicha, kisamvu na matembele vina vitamini K, ambayo hupambana na warfarini, lakini kinachoivuruga INR ni kula sufuria nzima wiki hii na kutogusa jani wiki ijayo. Ale kiasi kile kile anachokula siku zote, na dozi itapangwa kukizunguka. Jioni hiyo alipika kisamvu cha nazi, chumvi kidogo, tukala. Saa mbili usiku akameza kidonge cha kwanza.